Maji ya Mtungi wa Bi Mwanaidi

Ndugu zangu, Yesu Kristo asifiwe, na asifiwe pia kwa ajili ya wale waliozikwa bila jina. Mkiitikia "milele, amina", itikieni kwa sauti, maana nina mtu huko ardhini ambaye nataka asikie.

Mimi ni Apolonia. Wengi mnanijua kama yule bibi wa benchi la mbele anayekohoa Padre akihubiri. Mwenyekiti wa jumuiya amenipa nafasi nishuhudie, na ameniomba nisirefushe. Nitajitahidi, ila jambo lililokaa moyoni tangu miaka ya hamsini halitemwi kama kokwa la chungwa.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mimi na mume wangu Aloisi tulikuwa tumeshuka kutoka Kilimanjaro kuja kutafuta maisha Kariakoo. Aloisi alikuwa seremala. Tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, na uani kulikuwa na jiko, choo na mtungi mkubwa wa maji. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa watu wa pwani, Bi Mwanaidi, Mwislamu wa kuzaliwa, mkunga aliyeitwa na mtaa mzima. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake ulitwanga kama mchi.

Juma letu, ndugu zangu, lilikuwa na mpango wake. Jumamosi alasiri tulikwenda kuungama. Jumapili kabla jua halijatoka tulivuka Mnazi Mmoja kwa miguu, viatu mkononi visiingie vumbi, na tumbo tupu, kwa sababu siku zile anayepokea komunyo hakugusa kitu tangu saa sita ya usiku. Misa ilikuwa Kilatini, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Jumatano jioni ilikuwa rozari, nayo ilihama nyumba hadi nyumba. Ikifika kwetu tulitandika mikeka ukumbini, na Bi Mwanaidi akawapisha wageni njia huku akinitania.

"Nyinyi mnamsalimia Bi Mariamu mara nyingi hivyo, hachoki kuitikia?"

"Hachoki, bibi."

"Basi ana subira kuliko mimi. Mimi ukinipa shikamoo mara mbili nitakuuliza unataka nini."

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa mtu wa kucheka, ndugu zangu, na nilikuwa na mimba ya kwanza.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume. Bi Mwanaidi alimpokea, akampiga mgongoni, akampulizia kinywani. Alilia kidogo, sauti ya kifaranga, kisha akaanza kuwa wa buluu midomoni. Bi Mwanaidi akamwita Aloisi mlangoni akamwambia ukweli, kwamba huyu anaondoka.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu waliofundishwa nusu. Kule nyumbani tulikariri katekismu mpaka tukaiota. Tulijua kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Lakini Aloisi alikuwa ameshika na neno jingine, kwamba mzazi habatizi mwanawe mwenyewe. Hakukumbuka kwamba pasipo na mtu mwingine, hata mzazi anaruhusiwa. Mimi nami nilikuwa nimelala pale na akili imeruka, na Bi Mwanaidi, kwa kuwa ni Mwislamu, hatukumfikiria. Mtungi ulikuwa uani, umejaa. Badala ya kuchota maji, Aloisi alitoka mbio kwenda misheni kumtafuta Padre.

Padre alikuja mara moja, kwa baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni. Alimkuta mtoto amekwisha kupoa.

Nyinyi vijana mtashangaa, lakini wakati ule mtoto asiyebatizwa hakuzikwa ndani ya ua wa makaburi yetu. Palikuwa na mahali pake nje ya uzio wa michongoma, ardhi isiyobarikiwa. Hakuna kengele, hakuna Padre, hakuna msalaba. Aloisi alipasua sanduku la majani ya chai la Mhindi wa dukani akatengeneza jeneza, na ubavuni bado palisomeka maandishi ya chai. Alimbeba kwapani kama mtu anayepeleka kazi kwa mteja. Jina tulikuwa nalo tayari, lakini hatukulitaja, kwa sababu jina hutolewa kwa maji, na maji hatukumpa.

Tangu siku ile Aloisi hakulizungumza jambo hilo. Alikula, akafanya kazi, akalala, lakini neno kuhusu mtoto halikumtoka. Mimi nilifanya kinyume chake. Nilimwambia kila mtu. Nilikaa uani nikapiga kelele, "Yalikuwa maji tu! Mtungi huu hapa!" Bi Mwanaidi alinikalisha chini, akaniuliza maji gani ninayolilia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho asinitanie hata kidogo. Akasema, "Mungu ni mkubwa," akaniosha uso.

Ndugu zangu, nilimnunia Mungu. Sitaki kupamba. Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu ya macho ya watu, nikakaa kama gogo. Jumatano, rozari ikija kwetu, nilitoka nikakaa uani na mgongo wangu nimewapa. Nilifikiri hivi: kama mwanangu yuko nje ya uzio, na mimi nitakaa nje ya uzio. Moyo ukawa mkavu. Hata machozi yaliisha. Watu walidhani nimepona.

Jumatano moja katekista wetu, Mwalimu Kaspari, alipomaliza rozari aliwabakiza watu akawafundisha namna ya kubatiza wakati wa hatari. Nadhani habari yetu ilikuwa imemuuma. Alisema maji yamiminwe kichwani yatiririke, na maneno ya ubatizo yasemwe papo hapo maji yakitiririka, si kabla wala si baada. Akasema kama hakuna mwingine, hata baba, hata mama. Nilisikia yote kutoka uani, na kila neno lilinipiga. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye mlango wa uani anachambua mchele katika ungo. Akaacha kuchambua.

"Mwalimu," akasema, "hayo maji lazima yatoke kanisani?"

"Hapana, bibi. Maji yoyote safi."

"Hata ya mtungi wangu?"

"Hata ya mtungi wako."

Watu wakacheka. Yeye akaurudia mchele wake, na mimi nikainuka nikaingia jikoni.

Mimba ya pili ilikuja, na sikuifurahia. Niliibeba kwa woga kama mtu anayevusha mayai sokoni. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Asubuhi moja Aloisi alivuka kwenda Magomeni kupiga paa la nyumba ya mtu, na nyuma yake bonde la Jangwani likajaa maji, barabara ikazama. Uchungu ukanishika mchana huo huo. Jirani mmoja alikimbia misheni, akaambiwa Padre amevuka kwa pantoni pale Magogoni kwenda kwa wagonjwa wa Kigamboni, na haijulikani atarudi lini kwa mvua ile.

Nakumbuka mvua juu ya bati. Nakumbuka damu, na Bi Mwanaidi akiniita, "Apolonia, mwanangu, usilale." Nililala. Giza lilinichukua.

Nilipozinduka, nilikuwa nimefunikwa kanga, na Bi Mwanaidi amekaa kitako karibu yangu, kitoto kifuani pake. Nguo yake ilikuwa imelowa kuanzia shingoni. Kata ya kifuu ilikuwa sakafuni.

"Ni wa kike," akasema. "Alitaka kuondoka kama mwenziwe. Nimemtia maji. Nimemwita Mariamu, maana ndilo jina mnalolitaja sana."

Akanilazia mtoto kifuani. Alipumua hivyo, taratibu, mpaka jioni mvua ilipoanza kupungua. Kisha hakupumua tena. Aloisi alifika amelowa mpaka kifuani, aliyakata maji kwa miguu, akatukuta mimi na Bi Mwanaidi tumemweka mtoto katikati yetu.

Padre alikuja kesho yake asubuhi. Kabla hajafika, watu wa rozari walikuwa wameshajaa ukumbini, na minong'ono ilikuwa mingi. Mama mmoja, Mungu amrehemu, alisema nikamsikia, "Mwislamu atabatizaje? Huyo atazikwa kule kule na kaka yake." Nilihisi ule uzio wa michongoma unapita katikati ya mwili wangu. Ndugu zangu, sikuwa na nguvu ya kuomba. Nilimtazama Padre tu, maana neno lake ndilo lingesema mwanangu analala wapi.

Padre hakutuuliza sisi. Alikwenda uani akamkuta Bi Mwanaidi anaosha vyombo, akavuta kigoda akakaa mbele yake. Mimi nilikuwa nimeegemea kizingiti, Aloisi amenishika.

"Bibi, ulimmwagia maji wapi?"

"Kichwani."

"Yalitiririka?"

"Yalitiririka mpaka yakanilowesha mimi."

"Ukasema nini?"

Bi Mwanaidi alifuta mikono. Aliinamisha macho, akayataja maneno yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, kama yalivyofundishwa Jumatano ile. Hakuacha hata moja.

Padre akasogeza kigoda karibu. "Na ulipoyasema, ulikusudia nini?"

"Padre, mimi dini yangu ninayo, na sijaiweka chini. Lakini mtoto ni wao. Nilikusudia lile wanalolikusudia wenyewe. Ni kama kumbebea mtu mzigo wake. Mzigo si wangu, ila nimeufikisha."

Padre alisimama. Yeye alikuwa Mzungu wa ndevu ndefu, si mtu wa kuonyesha moyo wake, lakini alivua kofia. Akageuka kwetu akasema, "Mtoto huyu amebatizwa. Ni Maria. Andaeni maziko."

Mnajua mtoto aliyebatizwa alizikwaje? Padre hakuvaa nyeusi. Alivaa nyeupe, na kengele ililia ile ya sherehe, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hasubiri, anaingia mbinguni moja kwa moja. Aloisi aliranda jeneza la mbao mpya mpaka likang'aa, na safari hii alilibeba mbele yake kwa mikono miwili. Nilifurahi na nilikuwa nimepasuka, yote mawili kwa pamoja, na mwenye kuweza kunieleza jambo hilo aje anieleze.

Tulimzika ndani ya uzio. Padre alipomaliza, nilimtafuta Bi Mwanaidi nimshukuru, simwoni. Nilidhani amerudi nyumbani. Kisha nikaona buibui lake jeusi ng'ambo ya michongoma. Alikuwa amesimama nje, pale kwa mwanangu wa kwanza, peke yake.

Nilizunguka nikamfuata, Aloisi nyuma yangu. Tangu siku ya sanduku la chai hatukuwa tumekanyaga pale.

"Bibi, mbona umesimama huku?"

"Wote mko kule. Na huku nako kuna mtu wetu." Akatengeneza udongo kwa ncha ya kiatu. "Mimi huyu namtaja kila Alhamisi jioni, ninapowaombea maiti wangu. Namtaja na mume wangu na mama yangu. Sikuambiwa jina lake, basi nasema tu, mtoto wa kwanza wa Apolonia."

Siku zote zile nilidhani mwanangu ametupwa. Mimi mama yake nilikuwa nimeacha kumwombea kwa hasira, baba yake amefunga kinywa, kanisa halikumpigia kengele. Kumbe hakukosa kutajwa mbele za Mungu hata juma moja, na aliyemtaja ni jirani ambaye sikuwahi kumwomba.

Bi Mwanaidi akamtazama Aloisi. "Baba, mlitaka kumwita nani?"

Mume wangu aliinama akaugusa udongo ule.

"Petro," akasema. "Tulitaka kumwita Petro."

"Haya. Alhamisi hii nitamtaja kwa jina."

Hapo ndipo Aloisi alipolia, ndugu zangu, akashika michongoma ikamchoma na asiiachie. Na mimi ule ukavu wangu ukapasuka. Jumatano iliyofuata nilitandika mkeka mimi mwenyewe, nikapiga magoti, nikasema Salamu Maria kwa kinywa changu. Ilitoka kwa shida, kama bomba lililokaa bila maji, lakini ilitoka.

Sikupata mtoto mwingine. Nasema hivyo msije mkadhani ushuhuda wangu unaishia na nyumba iliyojaa wajukuu. Aloisi amekwisha tangulia. Bi Mwanaidi alifariki kabla yake, wakamzika watu wake kwa taratibu zao, nami nilisimama mbali, pamoja na wanawake wa mtaa. Tangu hapo namtaja kila Jumatano, baada ya fumbo la mwisho la rozari. Sijamuuliza mtu kama inaruhusiwa.

Ndugu zangu, Kanisa leo linatufundisha kuwakabidhi watoto wa namna ya Petro kwa huruma ya Mungu, na uzio ule ulikwisha ng'olewa. Lakini mimi nilifunguliwa kabla michongoma haijang'olewa. Kama umekaa hapa na moyo wako mkavu, unasema Mungu amemsahau mtu wako, nakuomba umwamini Mungu. Yako mambo anayoyafanya upande wa pili wa ukuta wako, kwa mkono wa mtu ambaye humdhanii. Na wewe mwenye nguvu ya kuomba leo, mtaje mtoto wa jirani.

Sasa itikieni tena, na safari hii msinitie aibu, maana Petro anasikiliza. Yesu Kristo asifiwe.