Chujio la Pili la Babu Tope

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya matope ya bahari, mtafiti wetu mkuu, tunayemwita Babu Tope, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni. Jina hilo alijipa mwenyewe, asije mtu akadhani tunamkosea heshima.

Kazi yake imekuwa kuchunguza yaliyowapata chaza na kome wa kale dunia ilipopata joto, zamani mno kabla ya binadamu. Matope huchimbwa chini ya bahari kwa mabomba marefu, huletwa hapa na kuoshwa juu ya chujio, kisha makombe, yaani maganda yao, yanayobaki hutambuliwa moja moja. Babu aliendelea kuosha kwa mikono yake hata alipopewa cheo na ofisi yenye zulia. Hali ya zulia hilo leo, tusiizungumze.

Wengi tunamkumbuka kwa mwaka wa sinki. Alikuwa amemaliza ripoti kubwa iliyosema kwamba joto lilipopanda, sakafu ya ghuba aliyoichunguza ilibaki tupu. Siku ya kuisoma mbele ya wageni ilishapangwa na suti ilikuwa kwa dobi. Asubuhi moja sinki la kuoshea matope likaziba. Fundi bomba akafungua kiwiko cha bomba chini ya sinki, akajaza ndoo uchafu, akauliza kama siku hizi tunasaga kokoto. Tukacheka wote isipokuwa Babu. Alichota kidogo, akaweka chini ya darubini. Yalikuwa makombe madogo mno, mazima kabisa. Chujio lake lilikuwa likiyapitisha tangu mwanzo.

Matope ya sinki yalikuwa mchanganyiko wa kila tabaka, la enzi ya joto na la kabla yake, kwa hiyo hayakuthibitisha lolote. Yalitosha tu kumtia shaka. Tulimshauri asome ripoti kwanza, marekebisho yafuate. Mkuu wa kituo alimkumbusha kwamba wageni wameshakata tiketi. Babu alivaa suti yake, akasimama mbele yao, akasema ripoti haipo kwa sababu huenda amekosea.

Kisha akatoa kwenye majokofu nusu ya matope ya kila bomba, iliyohifadhiwa bila kuoshwa, akaanza upya kwa machujio mawili, la pili lenye matundu madogo kama ya kitambaa. Ilimchukua miaka miwili. Shemeji yetu, mkewe, alitutania kwamba ameletewa mke mwenza asiyeonekana kwa macho.

Jibu likapatikana, nalo tunalisimamia hadi leo. Ghuba ile haikuwa tupu. Chaza wakubwa wenye makombe mazito walitoweka, wadogo wakajaa mahali pao. Bahari ilipopoa wakubwa walirudi polepole, lakini si wote.

Babu, asante kwa kusimama mbele ya wageni siku ile. Kapumzike na shemeji, afya iwe tele, na viatu uviache mlangoni. Machujio yote mawili yanabaki hapa. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuosha chochote, tutafungua kiwiko cha sinki tuangalie.