Masikio na Mtambo Uliokataa Kudanganywa

Dada yetu mpendwa, ambaye nyote mlimwita Masikio, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi redio na mshonaji. Mama anasema hata kabla hajatambaa alimjua kila anayeingia kwa kikohozi chake tu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1995 akahitimu uhandisi wa mawasiliano. Marehemu baba alijisifu mpaka majirani wakachoka.

Benki ilimwajiri atengeneze mtambo wa kumtambua mteja kwa sauti yake anapopiga simu. Jamani, tulikoma! Kila Jumamosi mimi, mdogo wake ninayewasomea, nilikuwa mwizi wake wa majaribio. Nilibana pua nikamwigiza. Nikarekodi sauti yake, nikaicheza kwenye simu. Mtambo ukanijibu bila aibu: "Hii ni rekodi. Tafadhali mwenyewe aongee." Ulikuwa unasikia kijimlio kinachotoka kwenye spika, ambacho koo la mtu halina. "Jaribu tena, mwizi wangu!" alisema Masikio huku akicheka mpaka machozi. Sikuwahi kuushinda, wallahi.

Mwaka 1999 aliolewa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu mpole, aliyemchumbia kwa simu kwa sababu ana kwa ana ulimi ulikuwa mzito. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka jana saratani ilimshika koo. Baada ya upasuaji sauti ilibaki ya kukwaruza, na mtambo wake mwenyewe ukamkataa. Sisi tulinyong'onyea. Yeye macho yalimwaka! "Na wagonjwa wenzangu je? Wafungiwe nje ya akaunti zao? Haiwezekani!" Akiwa kitandani, kompyuta mapajani, aliufundisha kuitambua sauti iliyoumia bila kuwafungulia wezi mlango. Mwezi Mei alipiga, akakwaruza jina lake, ukamjibu: "Karibu." Wodi nzima ilishangilia, na nesi akapiga vigelegele!

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu na mimi.

Jana nilimkumbuka, nikashindwa kuvumilia. Nilipiga ile namba, nikacheza sauti yake ya mwisho niliyokuwa nayo, ile ya kukwaruza. Mtambo ukasema: "Hii ni rekodi. Tafadhali mwenyewe aongee."

Dada, mwizi wako ameshindwa tena. Lala kwa amani, kazi yako iko macho.