Mluzi wa Fintan Geraghty, Fundi wa Viatu vya Farasi

Padre, majirani wa Kildare, nanyi watu wa mazizi ya farasi wa mbio ya Curragh mlioacha farasi asubuhi hii, familia inawasomea maisha ya baba yetu.

Fintan Geraghty alizaliwa tarehe 11 Februari 1943 mjini Kildare, akasoma shule ya Mabruda wa kanisa hadi mwaka 1957, kisha akaenda kwa mjomba wake kujifunza kuwavisha farasi viatu vya chuma, kazi aliyoifanya miaka hamsini na minne.

Tarehe 18 Juni 1968 alifunga ndoa na Attracta Nangle katika Kanisa la Mtakatifu Brigida, Mungu akawajalia Ita, Colman na Malachy.

Baba alipiga mluzi akifanya kazi, kwa kawaida nyimbo za kanisani, na alinyamaza tu pale mkono wake ulipokuta ukwato wenye joto kidogo, joto lisilomzuia farasi kukimbia ila humpunguzia kasi, na habari hiyo alimwambia mkufunzi wa farasi huyo tu.

Likaja soko la kubeti la mtandaoni, ambako mtu hubeti kwamba farasi fulani atashindwa, na watu wakabishana sana, wengine wakisema soko hilo huacha alama za kila aliyebeti, hivyo wezi watashikwa, wengine wakisema sasa hata mfagia zizi ana sababu ya kumwombea farasi mabaya. Baba alikuwa upande wa hawa wa pili, na alijiona yuko mbali na uchafu huo.

Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2005, mtunza farasi mmoja alimtania, "Mzee Geraghty, wewe ukinyamaza tu, kuna mtu anakwenda likizo Hispania."

Baba aliweka nyundo chini, akaelewa kwamba mtu zizini husikiliza mluzi wake ukikatika, kisha hubeti kwamba farasi huyo atashindwa. Hakuna aliyemshuku, na angeweza kucheka yakaisha, lakini aliendesha gari hadi kwa wasimamizi wa mbio, akijua kwamba fundi anayetajwa kwenye kesi hupoteza mazizi, akawaambia, "Habari zinatoka kwangu. Sikuziuza, lakini ni mimi."

Kwa neno hilo walizifuata alama za soko, watu wawili wakafungiwa mbio kwa maisha yao yote, na baba akakiri kwamba waliosifu alama hizo nao walikuwa na haki. Mkufunzi mmoja alimwacha, wengine wote walibaki naye, nasi tunawashukuru mbele ya jeneza lake.

Tangu siku hiyo hakupiga mluzi kazini, miaka sita. Tarehe 30 Septemba 2011 alistaafu, akaingia jikoni akipiga mluzi, na mama akaacha viazi viungue ili amsikilize.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba 2023, akafariki tarehe 9 Machi 2024 katika hospitali ya Naas, tukisali rozari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na mafundi wenzake waliombeba leo.

Baba, pumzika kwa amani ya Bwana, na huko upige mluzi, hakuna wa kubeti.