Milo Kovanda na Gongo Ambalo Hakulipima

Siku Milo Ladislav Kovanda alipozaliwa, tarehe 9 Machi 1950, theluji ilikuwa imeyeyuka na barabara ya shambani kwao, magharibi ya Wilber, Nebraska, ilikuwa tope tupu. Mkunga alifikishwa kwa trekta. Alikuwa kitinda mimba wa Ladislav na Albina Kovanda. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alikuja duniani akiwa ameshakunja uso, kama mtu aliyetumwa kukagua.

Alimaliza sekondari hapa Wilber mwezi Mei 1968. Huko alikaa dawati moja na Orrin Stukenholtz, aliyekuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Siku moja Milo alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba rula yake imelika mwishoni. Orrin akaangua kicheko, na wote wawili wakatolewa nje. Rula ilikuwa imelika kweli.

Kuanzia 1970 hadi alipostaafu mwaka 2012, Milo alipima malori ya mahindi kwenye ghala la ushirika. Kila asubuhi, kabla lori la kwanza halijafika, aliijaribu mizani kwa vyuma vya kupimia, hata kama jana yake ilikuwa sawa. Wakulima walimwita Wakia, kile kipimo kidogo cha uzito, wengine kwa heshima, wengine kwa kuudhika.

Tarehe 20 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Leona Teply. Msimamizi wake alikuwa Orrin. Walijaliwa watoto wawili, Janelle, ambaye ni mama yangu, na Russell. Bibi anasema kwenye dansi ya polka usiku wa harusi Babu alimkanyaga mguu akaomba radhi mpaka wimbo ukaisha.

Alipostaafu alijiunga na timu ya wazee wa hapa ya softiboli, mchezo wa kuupiga mpira kwa gongo, na haikuchukua muda akapewa meza ya ukaguzi kwenye mashindano yetu ya kila Juni. Mimi nilipenda kukaa karibu na meza ile na kumuuliza maswali mpaka achoke. Mipira aliiweka kivulini, akisema joto huulegeza mpira na baridi huufanya jiwe. Kila gongo alilitazama kama lina muhuri wa chama cha mchezo, akalitikisa sikioni, kisha akalibana kwenye mashine kuona kama bado ni gumu. Likifaulu, analibandika stika ya mwaka huo. Nilimuuliza, kama muhuri upo, kwa nini ulibane tena? Akanijibu: "Mjukuu wangu, mchezaji akizeeka hupungua nguvu. Haya magongo ya kisasa yakizeeka hulegea ndani, yakazidi kuurusha mpira. Muhuri haujui hilo. Muhuri hauzeeki."

Hakumpendelea mtu. Hata paroko wetu alikataliwa.

"Milo, gongo hili nililetewa zawadi!"

"Padre, lina dhambi. Lirudishe garini."

"Dhambi gani sasa?"

"Ungeliuliza lenyewe, Padre. Wewe ndiye unayeungamisha."

Hapa familia inaomba mtuvumilie. Mjomba Russell alitaka aya inayofuata iondolewe. Alisema, "Mama, watu watakuwa wanasikia haya huku wanakula keki za kolache!" Bibi akamjibu, "Basi wazile baadaye."

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, foleni ya mezani ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Gongo la mwisho lilikuwa la Milo mwenyewe, lile jeusi alilolipenda kuliko yote. Mtu mmoja kwenye foleni akamtania, "Na lako je, Wakia? Au wewe huna mizani?" Babu akacheka. Akasema, "Hili nalijua mimi," akalibandika stika bila kulibana. Baadaye alitueleza kwamba tangu mazoezi ya Aprili alikuwa amehisi linarusha kupita kiasi, na alifurahi. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na mipira yake ilikuwa inafika uzioni kama zamani.

Mchana ule, mrushaji wa mpira wa timu ya Crete, mji wa jirani, alikuwa Orrin. Babu aliupiga mpira ukamrudia Orrin usoni kabla hajainua glavu. Jicho lake la kulia halikuona tena. Orrin alipokwisha kuchukuliwa na gari la wagonjwa, Babu alilichukua gongo lake, akalibana kwenye mashine mbele ya watu wote. Lilishindwa vibaya. Nilikuwa na miaka kumi, na nilitamani uwanja upasuke unimeze.

Kwa muda mrefu sisi nyumbani tulisema ni ajali. Mama alisema hivyo kanisani, na mimi nilisema hivyo shuleni. Babu alitukataza. Alisema ajali ni mvua ya mawe, hii ni mkono wake. Hakushika gongo tena wala hakukaa tena kwenye ile meza. Alimwandikia Orrin, akaenda kwake, mlango haukufunguliwa. Kila Agosti alimwachia barazani gunia la mahindi mabichi.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani na Bibi, na hakupenda kuhurumiwa. Wiki chache kabla ya kufa alitutajia wanaume sita wa kubeba jeneza lake. Wa sita alikuwa Orrin.

Bibi akasema, "Milo, hatakuja huyo."

"Asipokuja, mahali pake pabaki wazi. Msimweke mtu."

"Watano watabeba vipi?"

"Nitazame nilivyokonda, Leona. Watano wanatosha."

Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Jumamosi mimi ndiye niliyetumwa Crete. Mzee Orrin alifungua mlango, akanigeuzia upande wa jicho zima.

"Wewe wa Janelle?"

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo. Babu alikuomba umbebe."

Alitazama pembe ya baraza, pale magunia yalipokuwa yakiachwa. Kisha akasema, "Mahindi yake yamenenepesha nguruwe wa jirani miaka yote hii. Mimi sikula hata moja. Mwambie bibi yako sijamsamehe Milo, nisije nikadanganya mbele ya jeneza. Lakini nitabeba. Mniweke upande wa kushoto, nione ninapokanyaga."

Marehemu ameacha mjane, Leona. Watoto, Janelle na mumewe Curtis Vobril, na Russell. Na wajukuu, Kenna, ninayewasomea haya, na Dalton. Watakaombeba ni Russell, Curtis, Dalton, Emil Zajicek, Gaylen Pracht, na, kushoto nyuma, Orrin Stukenholtz.

Mungu ampe Milo Kovanda pumziko. Sisi wa nyumbani kwake, kama alivyotukataza, hatutamtetea tena.