Kifua Chetu

KOTI: Haloo? Ni nani?

MWOKAJI: Mwenye sura kama yako.

KOTI: Aa! Mbona namba ngeni?

MWOKAJI: Simu ya duka la mikate hii. Yangu si umeikataa tangu jana?

KOTI: Sijaikataa, ni mtandao—

MWOKAJI: Mtandao gani unaomchagua pacha wako peke yake? Umeamkaje?

KOTI: Salama. Wewe je?

MWOKAJI: Nilikuwa salama mpaka shemeji aliponipigia. Uko wapi?

KOTI: Niko... kazini.

MWOKAJI: Unafundisha watu gari.

KOTI: Ndiyo.

MWOKAJI: Mbona sisikii gari?

KOTI: Limezimwa. (pembeni) Ndiyo, nesi, inafungwa kwa nyuma, nimeelewa.

MWOKAJI: Nini kinafungwa kwa nyuma?

KOTI: Gauni.

MWOKAJI: Mwalimu wa udereva, yuko kazini, amevaa gauni.

KOTI: Haya, shemeji yako amekwambia nini?

MWOKAJI: Kwamba leo unakatwa kifua.

KOTI: Si kukatwa kifua! Wanatoa vile vinyama tu. Matiti, basi, nimeyatamka. Umefurahi?

MWOKAJI: Nifurahi nini? Kifua hicho hicho ninacho mimi! Tumetoka tumbo moja, asubuhi moja, na matiti haya haya. Kwa hiyo ukinitazama unaona kitu cha kutupwa?

KOTI: Sijakutaja wewe.

MWOKAJI: Huna haja ya kunitaja. Ukijitukana kwenye kioo, tusi linanifikia mimi.

KOTI: Acha hizo, bwana.

MWOKAJI: Mimi nasimama mbele ya tanuri na fulana ya ndani, jasho linanitiririka. Wateja wananiita Mama Mikate, mimi mwanamume mzima. Naitika!

KOTI: Wewe unaitika. Mimi nakufa. Unajua kwa nini wananiita Koti?

MWOKAJI: Si kwa sababu huvui koti? Hata wakwe zako wanakuita hivyo.

KOTI: Na unadhani nalipenda? Jua kali, gari dogo, vioo vimegoma kushuka, natota mpaka soksi.

MWOKAJI: Ungefanya mazoezi—

KOTI: Nimekimbia mwaka mzima! Tumbo likaisha, mashavu yakaisha, mke wangu akaanza kuniuliza kama naumwa. Vyenyewe vipo tu, vimetulia. Daktari anasema ni tezi, si mafuta. Hata nisingekula vingebaki.

MWOKAJI: Na wanakupiga nusukaputi?

KOTI: Ndiyo. Nalala, naamka, kwisha.

MWOKAJI: Na usipo— (mtandao unakwaruza)

KOTI: Haloo? Umesemaje? Nisipo nini?

MWOKAJI: Nasema usipovaa soksi utapata baridi humo ndani.

KOTI: Sikusikia soksi mimi.

MWOKAJI: Basi masikio yako nayo wayatazame. Ahirisha, ndugu yangu. Tutakaa tuongee, wewe na mimi.

KOTI: Unalikumbuka lile jeraha langu la kwenye paji la uso?

MWOKAJI: La mlango wa kabati.

KOTI: Halikuwa kabati. Kilikuwa kioo cha mbele cha gari. Mwanafunzi wangu mmoja, muuza maua, aliona mbwa, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

MWOKAJI: Na mkanda?

KOTI: Mbwa alipona.

MWOKAJI: Nakuuliza, mkanda wako ulikuwa wapi? Si wewe unayewaimbia watu mkanda, mkanda, hata kabla ya salamu?

KOTI: Unapita katikati.

MWOKAJI: Katikati ya nini?

KOTI: Ya hivyo. Unavichora, kimoja huku, kingine kule. Mwanafunzi anatazama, anarudisha macho barabarani, anatazama tena. Basi huwa naukalia.

MWOKAJI: Unaukalia mkanda? Tangu lini?

KOTI: Tangu nianze kazi.

MWOKAJI: (anajifuta unga mikononi, taratibu)

KOTI: Haloo? Umekatika?

MWOKAJI: Nipo. Mbona hukuniambia?

KOTI: Ungecheka.

MWOKAJI: Ningecheka, ndiyo. Halafu ningenyamaza.

KOTI: Ndiyo hivyo. Nimechoka.

MWOKAJI: Ingia.

KOTI: Eti?

MWOKAJI: Ingia humo chumbani kabla sijabadili mawazo. Na mwambie daktari atoe sawasawa pande zote, sitaki pacha aliyelala upande.

KOTI: (anacheka) Na wewe je? Tukutafutie siku?

MWOKAJI: Mimi viache. Mke wangu analalia hapo, anasema mto wa dukani haufui dafu.

KOTI: Sikuuliza hayo! Nesi huyu hapa, anataka simu.

MWOKAJI: Subiri— umevaa soksi?

KOTI: Nimevaa.

MWOKAJI: Haya. Basi, ukiamka... amka tu.

KOTI: Nitakupigia. Haya, haya, nesi—

(Simu inakatika. Jioni, simu ya dukani inalia tena.)

MWOKAJI: Haloo! Shemeji? Sema, shemeji, sema haraka—

KOTI: Si shemeji. Ni mimi, kwa simu yake.

MWOKAJI: (anavuta kiti)

KOTI: Haloo?

MWOKAJI: Nipo. Nimekaa kwanza.

KOTI: Ulikuwa umesimama?

MWOKAJI: Tangu asubuhi. Unaendeleaje?

KOTI: Wamenifunga bandeji, na juu yake fulana ya kubana, napumua kwa zamu. Lakini nimeinamisha kichwa, nimekiona kitovu changu moja kwa moja. Hakuna cha kukizuia njiani.

MWOKAJI: Hongera ya kitovu. Inauma?

KOTI: Kama nimegongwa na lori, ila dereva wake ana adabu. Nesi ananicheka huku. Eti nilipokuwa nazinduka nilikuwa namfundisha daktari kurudi nyuma na gari.

MWOKAJI: Akarudi?

KOTI: Anasema alirudi mpaka ukutani. Wewe umeshindaje?

MWOKAJI: Nimeunguza mikate.

KOTI: Wewe? Mingapi?

MWOKAJI: Tanuri zima. Myeusi kama tairi. Wateja wamejaa mlangoni, Mama Mikate vipi leo, mbona hivi? Likanitoka.

KOTI: Nini kikakutoka?

MWOKAJI: Kwamba pacha wangu anapasuliwa. Anatolewa matiti.

KOTI: Mbele ya watu wote?!

MWOKAJI: Akili ilikuwa imeungua pamoja na mikate, ndugu yangu!

KOTI: Wakacheka.

MWOKAJI: Wakacheka, wakanunua maandazi, wakaenda zao. Fundi bomba hakuondoka.

KOTI: Yupi? Lile pandikizi la mtu?

MWOKAJI: Huyo huyo, anayenitania kila siku kuliko wote. Alibaki ameshika mkate ulioungua, anaugeuza tu. Duka lilipobaki tupu akaniuliza kwa sauti ndogo: huyo daktari anaitwa nani?

KOTI: Kweli?

MWOKAJI: Alikwenda kazini, sasa amerudi. Yuko hapo nje, anasema anasubiri mikate ya moto. Mikate ya moto ipo. Hainunui.

KOTI: Mpe simu.

MWOKAJI: Nimpe?

KOTI: Mpe, fanya haraka, salio la shemeji yako linakwisha!

MWOKAJI: Fundi! Njoo huku. Shika, hang'ati. Ni pacha wangu.

FUNDI BOMBA: Haloo? Pole sana, kaka. Samahani kwa kukusumbua.

KOTI: Hunisumbui. Sogea mbali na huyo mwokaji kwanza. Umesogea?

FUNDI BOMBA: Niko nyuma ya magunia ya unga.

KOTI: Vizuri. Salio ni dogo, kwa hiyo anza na lile linalokutisha kuliko yote.

FUNDI BOMBA: Mke wako. Ulimwambiaje?

KOTI: Sikuweza kumwambia. Nilivua shati tu, taa ikiwaka, nikasimama.

FUNDI BOMBA: Taa ikiwaka?

KOTI: Kwa mara ya kwanza.

FUNDI BOMBA: Akasemaje?

KOTI: Akasema, "Mume wangu, kumbe ndiyo hayo? Mimi nilidhani umenichoka mimi." Basi tuka— (mlio) Salio hilo! Sikiliza, kwa daktari nitakupeleka mwenyewe, ila usi—

FUNDI BOMBA: Nisi nini? Haloo? Kaka? Haloo?

MWOKAJI: Imekatika?

FUNDI BOMBA: Imekatika. Nifungie mikate miwili, Mama Mi— nifungie mikate miwili, bwana. Naenda nyumbani kuwasha taa.