Tuzo ya Mwalimu Aliyewaangusha

Nasteho, aliyejitambulisha kwetu bila kuulizwa, hakutulia kwenye kiti cha tuktuk tangu Majengo. "Mwalimu wetu wa takwimu amepewa tuzo ya ufundishaji bora! Alileta mabunda ya miraa darasani, tukahesabu vijiti mpaka wastani ukaingia akilini!"

Mama aliyeketi kando yake akasonya. "Huyo alimwangusha kijana wangu, akaacha chuo. Sasa anachuma hiyo miraa Mikinduri."

"Hata mimi aliniangusha, mama, tena mara mbili! Lakini kila Jumamosi alikaa na sisi tulioanguka. Barua ya kumpendekeza niliandika mimi. Kijana wako alikuja hizo Jumamosi?"

Tuktuk ikasimama langoni mwa chuo kabla mama hajajibu. Nikashuka. Nafundisha takwimu hapo mwaka wa kumi na tisa, na sijawahi kumwangusha mwanafunzi. Wala kuandikiwa barua.