Mama Taa na Mashujaa wa Robo Ukurasa

Benchi lao liko mbele ya duka la vifaa vya shule lililofungwa, mguu wake mmoja ni tofali, na asubuhi hiyo lilibeba mabwana watatu pamoja na huzuni yenye uzito wa mtu wa nne. Katikati alikaa Kifutio, mchoraji wa katuni, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hufuta zaidi kuliko anavyochora. Kulia, Daktari, fundi wa simu, ambaye wagonjwa wake hurudi nyumbani wamepungukiwa skrubu mbili. Kushoto, Fundi Mita, mshonaji asiyeweza kukusalimu bila kukukadiria mabega. Mama wa Kahawa alikuwa jikoni pake, hatua mbili tu, akisikia yote na kujifanya hasikii. Jambo lenyewe lilikuwa jarida la Kifutio. Shujaa wake mkubwa, Chuma Nane, alinunuliwa na kampuni ya betri, sasa anaruka kwenye pakiti. Wamebaki wale wadogo, waliokuwa wakipewa robo ukurasa siku tangazo lisipopatikana. Mhariri anataka jibu kabla ya saa nne: ama wadogo hao wapewe toleo lao kila mwezi, ama jarida lifungwe. Aliyewabuni na kuwaandikia maneno alikuwa Pacha, swahiba wa Kifutio kwa miaka kumi na mmoja. Na Pacha walimzika mwezi uliopita.

— Wako wangapi hao wadogo? akauliza Daktari.

— Watatu. Kuna Mjomba Foleni. Akipita karibu na foleni yoyote, inakwenda mbio.

— Huyo apewe wizara!

— Isipokuwa foleni aliyopanga mwenyewe.

— Basi huyo ni mimi, akasema Fundi Mita.

— Kuna Bibi Kiraka. Anashona nyufa za ukuta.

— Kwa uzi namba ngapi?

— Fundi, ni katuni.

— Ndiyo ukuta uanguke kwa sababu ni katuni?

— Na wa tatu ni Mama Taa. Anajua nani akitoka leo hatarudi. Ila hawezi kumzuia.

Mama wa Kahawa akapunguza moto.

— Sasa huo, Fundi Mita akasema taratibu, ni ushujaa au mkosi?

— Ndivyo Pacha alivyomwandika.

Daktari hapendi kimya. Humkumbusha simu zilizomshinda.

— Zindua, bwana! Wakubwa wametuchosha. Umewahi kuona nyumba inaungua akaja mtu anayeruka? Anakuja jirani na ndoo. Wadogo ndio wa kweli.

— Tena hawali kitambaa, akadakia Fundi Mita. Joho la Chuma Nane ni mita nne na nusu. Na mita nne na nusu mtu ataruka mpaka wapi? Atanasa kwenye nyaya za umeme. Ndiyo maana hatuwaoni. Wote wako kwenye nyaya!

— Mimi naenda mbali zaidi, Daktari akashusha sauti. Wadogo tunao humu humu. Mjomba wa mke wangu yuko likizo ya ugonjwa mwaka wa kumi na tisa, na kazini kwake hakuna aliyegundua. Huo si uwezo wa kutoonekana?

— Huo ni uwezo wa kukwepa kazi, akasema Mama wa Kahawa.

— Unaona anavyojificha vizuri? Mpaka wewe amekupata!

Kifutio akacheka, kicheko kikaishia njiani. Alitaka mtu amwambie ndiyo, mtu yeyote, hata Daktari. Wadogo hao wakifa, hapatabaki popote duniani kitu cha Pacha kinachotembea.

Ndipo akafika dada mmoja, mgeni kabisa kijiweni, koti lake la kazi lina madoa ya wino.

— Shikamooni. Nimetoka kiwanda cha uchapaji. Mhariri kanituma nichukue jibu, na kurasa kama zipo.

— Mwambie tumezindua! akasema Daktari, aliyekuwa hana hisa wala penseli.

Kifutio akampa kurasa tatu alizochora usiku na mchana tangu mazishi. Dada akazipitia haraka, akasimama kwenye ya tatu. Mama Taa yuko mlangoni, taa mkononi. Mbele yake mwanamume amebeba mkoba, mguu mmoja umeshatoka nje. Juu ya kichwa cha Mama Taa kuna kiputo cha maneno, kikubwa, kimezungushwa vizuri, na ndani yake hamna kitu. Ndivyo Kifutio alivyozoea: anachora viputo vitupu, anaviacha mezani, kesho yake anavikuta vimejaa maneno ya Pacha.

— Hapa anamwambia nini?

Fundi Mita akaukadiria ule mlango kwa macho.

— Anamwambia, akaanza Daktari. Anamwambia...

— Si kwa ubaya, kaka zangu, akasema dada. Ni kwamba maneno yakichelewa, na sisi tunachelewa.

Kifutio akachukua penseli. Akaiweka ncha juu ya ule weupe, na pale ikakaa, mpaka kahawa ya watu wote watatu ikapoa.

— Mkewe alimwambia nini Pacha, siku ile aliyotoka asirudi? akauliza, bila kumtazama mtu.

Hakuna aliyejua. Kifutio akaiweka penseli mfukoni.

— Mwambie mhariri afunge.